Binti yangu anataka kuchukua Sanaa kidato cha tatu. Nimkubalie?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Mwanga hapa Kigoma, nauza vitenge sokoni. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Tangu mdogo anachora. Madaftari yamejaa nyuso za wasanii anazozitoa kwenye simu yangu. Shuleni kuna mwalimu wa Kiswahili ambaye amesomea na Sanaa, na amewaambia wanaotaka walichukue somo hilo mwakani. Baba yake hataki. Anasema kuchora si kazi na litamlia muda wa masomo ya maana. Mimi nipo katikati. Ni somo la mtihani kweli? Kipaji anacho au ni mapenzi tu? Halafu kuna boksi kubwa la rangi ameliona dukani, kila siku ananisumbua nimnunulie. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lililo rahisi. Sanaa ni somo kamili la mtihani wa taifa wa kidato cha nne. NECTA, yaani baraza la mitihani la taifa, ndio wanaolitunga na kulisahihisha, kama Historia au Biolojia. Lina nadharia na lina vitendo, na alama yake inaingia kwenye cheti sawa na masomo mengine. Shule zinazolifundisha ni chache, ndiyo maana wazazi wengi hawajawahi kuliona kwenye matokeo ya jirani.

Hoja ya baba yake kuhusu muda naiheshimu, na usiipuuze kwa sababu tu anayekujibu ni mwalimu wa Sanaa. Ila kaeni jioni moja mpige hesabu hii pamoja. Daraja la kidato cha nne linatokana na masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mwenye jumla ya 7 hadi 17 amepata daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Sasa mchukue mtoto wa kawaida mwenye B moja, C nne na D mbili. Ana pointi 22, daraja la tatu. Huyohuyo akiwa amefanya na Sanaa kama somo la nane akapata B, D moja inatoka kwenye hesabu, B inaingia, anabaki na 20. Hilo ni daraja la pili. Na akivurunda Sanaa akaambulia F, daraja lake halisogei, kwa kuwa somo la nane lililo baya halihesabiwi.

Kwa hiyo kwenye karatasi hasara haipo. Hasara iko kwenye saa, na hapo mzee ana haki yake. Kazi moja ya vitendo inaweza kula mchana mzima wa Jumamosi, na mtoto anayependa kuchora atakaa na picha hiyo mpaka giza liingie huku zoezi la Hisabati likisubiri. Wewe ndiye utakayelisimamia hilo, maana mwalimu haji nyumbani. Wekeni siku ya picha na siku ya hesabu, na siku ya hesabu brashi isiguswe.

Hisabati naitaja kwa makusudi. Kidato cha tatu ndipo wanafunzi wengi hupunguza masomo ya sayansi, na anayejiona mchoraji huyatupa yote yasiyo ya lazima kwa furaha. Asifanye hivyo bila kufikiri. Akija kutamani usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, ataulizwa Hisabati kabla hajaulizwa penseli. Na hata asipofika huko, kukuza mchoro mdogo uenee ukutani ni kazi ya uwiano tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla hujasema ndiyo, nenda shuleni. Hapa ndipo ningekaza kuliko kwenye kipaji. Usiende kuuliza kama Sanaa ipo, watakuambia ipo. Muulize mwalimu wa taaluma akuonyeshe vipindi vya Sanaa kwenye ratiba ya kidato cha tatu, kwa siku na kwa saa. Somo linalofundishwa "tukipata nafasi baada ya masomo" litakufa mwezi wa mitihani ya muhula, na mwenye kuumia ni binti. Uliza kama shule imewahi kusajili watahiniwa wa Sanaa, au hawa ndio watakuwa wa kwanza. Jibu lolote si baya, ila kama ni wa kwanza, mkuu wa shule awe amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu mtihani wa vitendo unahitaji chumba, vifaa na maandalizi ambayo mwalimu mmoja hawezi kuyabeba peke yake. Uliza pia mwalimu huyo akihamishwa itakuwaje. Wanahamishwa, mama, wewe unajua.

Njia nyingine ni kutazama mwenyewe. Matokeo ya NECTA ya miaka iliyopita yapo kwenye tovuti yao, shule kwa shule, na kila mtahiniwa ameandikiwa alama ya kila somo. Fungua ya shule yake, au ya shule nyingine yoyote ya Kigoma au Tabora unayoifikiria, ulitafute somo kwa jina lake la Kiingereza, Fine Art. Usipoliona kwa mtahiniwa hata mmoja miaka kadhaa mfululizo, basi unajua unaanza safari na nani.

Sasa kipaji. Hili swali mnaliuliza wazazi wote, na ninalijibu kwa kuwasumbua kidogo. Nyuso anazozitoa kwenye simu hazinionyeshi kama ataliweza somo. Zinaonyesha kwamba ana mkono mtulivu na uvumilivu, na hivyo si vitu vya kudharau. Lakini anayenakili picha ya simu anamalizia kazi ambayo kamera imeshaifanya. Kamera imeshachagua kipi kiwe mbele na mwanga utoke wapi, na kitu chenye unene imeshakilaza bapa. Mtahiniwa wa Sanaa anawekewa vitu halisi mezani, anaambiwa chora. Hapo ndipo mabingwa wa simu hukwama, na mtoto ambaye hakuna aliyemsifia humaliza.

Mjaribu hivi. Weka kigoda karibu na mlango, mwanga uingie kutoka upande mmoja tu. Juu yake weka sufuria, kikombe cha bati na embe moja. Binti akae hatua mbili au tatu kutoka hapo na asihame mpaka amalize. Usimwambie kitu. Akimaliza, angalia mdomo wa sufuria. Ukiutazama kutoka pembeni, mdomo ule si duara, ni duaradufu, umebinywa juu na chini lakini pande zake bado zimezunguka. Wanaoanza karibu wote huuchora na ncha mbili kali kama mtumbwi. Kisha angalia kitako. Utakuta amekichora kwa mstari ulionyooka, kwa sababu kichwa kinajua kwamba sufuria imekaa juu ya kitu bapa, na kichwa kimeamuru mkono. Jicho linaona kingine. Kitako kimepinda, tena kimepinda zaidi ya mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake. Mwambie asimame achungulie ndani, halafu achuchumae mpaka macho yawe sawa na ukingo, auone mdomo ukifunuka na kufumba. Akishaliona hilo mara moja hatalisahau.

Urefu na upana asikisie. Anyooshe mkono mpaka kiwiko kikaze, afumbe jicho moja, ashike penseli wima, na kidole gumba kiwe kinapanda na kushuka juu yake kupima: kikombe kinaingia mara ngapi kwenye urefu wa sufuria? Mkono ukikunjwa kidogo tu vipimo vyote vimeharibika, na hili ni kosa ambalo hata wakubwa hulifanya bila kujua.

Vivuli ni baadaye, ila nitaje kimoja kwa sababu ndicho kinachotofautisha kazi ya C na ya A machoni pangu. Watoto huweka weusi mwingi zaidi ukingoni kabisa mwa kitu. Atazame tena ile sufuria. Sehemu nyeusi kuliko zote iko ndani kidogo ya ukingo, na ukingoni kwenyewe kuna mwanga hafifu unaorudishwa na kitu kilicho jirani, labda embe, labda ukuta. Akiuchora mwanga ule mwembamba, sufuria inageuka, inakuwa na upande wa nyuma.

Arudie kigoda hicho hicho kila baada ya siku chache, michoro yote aiweke na tarehe. Baadaye itandaze sakafuni kwa mpangilio. Usitafute uzuri. Tafuta kama wa mwisho unatofautiana na wa kwanza, na kama alikuwa anakaa kuchora bila kusukumwa. Akiwa anarekebisha kosa lake mwenyewe na anarudi kesho, mpeleke, atalimudu somo. Akichoka siku ya tatu akarudi kwenye nyuso za simu, basi ni mapenzi, na mapenzi yana haki ya kubaki kwenye daftari bila kufanyiwa mtihani.

Akizoea kigoda, Kigoma yote ni darasa. Kila mtoto wa hapa huchora Liemba, kwa kawaida kwa kukumbuka, na kwa kawaida meli inaelea juu ya maji badala ya kukaa ndani yake. Aende Kibirizi achore mitumbwi iliyovutwa ufukweni, jinsi mbao za ubavuni zinavyokutana mbele, na dagaa walioanikwa. Asiende peke yake. Msichana akikaa chini na karatasi, watu hujaa, na wengine huja na maneno. Ndugu yake amsindikize. Stesheni ya reli nayo, lile jengo la Wajerumani lenye matao, inamfundisha vitu kupungua ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali vizuri kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Asimame pembeni ahesabu matao, apime la karibu na la mbali kwa penseli yake, atashtuka jinsi la mwisho lilivyo jembamba.

Halafu kuna duka lako, mama. Ubunifu wa vitambaa ni sehemu ya somo hili, na wewe umekaa juu ya kitabu chake. Mtandazie kitenge, mpe rula, atafute mahali ua linapojirudia. Kwenye vingine linajirudia kwa safu zilizonyooka, pembeni na chini. Vingine, safu ya pili imeshushwa nusu, na ndiyo maana jicho halioni mistari kirahisi. Mwambie aichore tu ile sehemu moja inayojirudia, kisha aipange mara nne kwenye karatasi bila kuonyesha maungio. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Na ile mishipa myembamba ya rangi inayotambaa kwenye vitenge vya nta inatokana na nta kupasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa. Mwenye kutengeneza batiki nyumbani anaipata kwa kuukunja mkononi mtandio uliokwisha kupakwa nta kabla ya kuuchovya. Viwandani siku hizi mara nyingi mishipa hiyo inachapwa tu. Wewe unavijua vya aina zote mbili kwa kushika, mfundishe.

Nadharia ndiyo inayowaangusha wenye mikono mizuri. Wanadhani somo ni kuchora, wanaacha kusoma. Linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo binti asiye na Kiingereza cha kueleza picha atapoteza alama ambazo vidole vyake haviwezi kuzirudisha. Kila mchoro aandikie aya moja ya Kiingereza nyuma yake: amechora nini, kwa kifaa gani, mwanga unatoka wapi, kwa nini amekiweka kitu hiki mbele. Sentensi fupi zinatosha.

Kwenye historia ya sanaa, ajifunze kutoa mifano yenye majina na mahali. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Vinyago vya Wamakonde. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza miaka ya mwisho ya 1960 Dar es Salaam akitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi na akafariki mwaka 1972, wakati mtindo wenye jina lake ndio kwanza unaanza kupata watu. Na asiruke huku kwetu. Wanyamwezi walichonga viti vya enzi vyenye egemeo refu. Kimoja, kilichotoka mahali paitwapo Buruku, mtu amechongwa kwenye egemeo lake, kilichukuliwa enzi za Wajerumani na mpaka leo kipo kwenye makumbusho Berlin. Inauma, lakini ni mfano mzuri kuliko kuandika "Waafrika walichonga viti" halafu basi.

Mzee wake akisema kuchora hakumpeleki mtu popote, mtajie Sam Ntiro. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasomea uchoraji Makerere na kisha London, na nchi ilipopata uhuru akawa mwakilishi wa Tanganyika huko huko London. Simtaji ili mdhani binti atakuwa balozi. Namtaja ili mazungumzo ya nyumbani yatoke kwenye maneno "kuchora si kazi".

Kazi zenyewe nizungumze bila kupamba. Fundi wa kuandika vibao kwa brashi hapa mjini amepungua tangu mashine za baneri zifike, na waliobaki mjini ni wale waliojifunza kubuni kwenye kompyuta. Nembo, fulana, kadi za harusi, lebo za asali na mawese, vyote vinahitaji mtu anayejua herufi na rangi, na anayelipwa vizuri ni yule anayejua kuchora kabla hajawasha mashine. Kuishi kwa kuuza picha tu, Kigoma, sijui wa kumwonyesha kidole. Kusoma zaidi kupo: TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kinachojulikana kwa walimu wa sanaa, muziki na michezo, halafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma kwa shahada. Kwa kidato cha tano mambo yamefunguka kidogo, kwani mwaka 2024 tahasusi, ile michanganyiko ya masomo matatu, ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, na kundi moja zima ni la sanaa. Shule zenye walimu wa kuzifundisha ndizo za kutafutwa. Atahitaji masomo angalau matatu yenye C au zaidi, kwa hiyo C mbili nyingine nje ya Sanaa lazima zitoke mahali. Mdogo wake akiwa anamfuata nyuma, fahamu kwamba kuna mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, ulioanza 2024 kwenye baadhi ya shule, na sanaa bunifu zimo humo. Binti huyu yeye ameshapita mlango ule.

Kwa hiyo jibu langu: kama vipindi vipo kwenye ratiba, na mkuu wa shule anajua kwamba atasajili watahiniwa, na michoro ya kigoda imebadilika, mkubalie, awe na somo la nane. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, aendelee kuchora nyumbani na asome masomo yake saba.

Boksi la rangi usilinunue. Maboksi yale yana vidonge vingi vya rangi hafifu na brashi moja inayonyonyoka manyoya siku ya kwanza. Mnunulie penseli tatu, HB, 2B na 6B, raba laini, wembe wa kuchongea na karatasi za kutosha. Nyuma ya kalenda za zamani na manila zilizotumika ni karatasi nzuri tu ya mazoezi. Makaa atengeneze mwenyewe: vijiti vyembamba vikavu vya mti laini, vimenywe maganda, vipangwe wima ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, kopo liwekwe kwenye jiko la mkaa. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, kopo litolewe na lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwani likifunguliwa la moto hewa inaingia na vijiti vinakuwa majivu. Rangi mwakani, mwalimu atakapofika hapo, na hata wakati huo ni vichupa vitano tu: nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Kijani na kahawia azichanganye. Brashi mbili, moja nene na moja nyembamba, zioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi na zilazwe, zisisimamishwe ndani ya kikombe cha maji usiku kucha.